Utando wa Kufungashia Chakula Kutokana na Machicha ya Muhogo na Maganda ya Machungwa: Mwongozo Kamili

Muhogo ukishasagwa na kukamuliwa wanga, hubaki machicha. Chungwa likishatoa juisi, hubaki ganda na ile nyama yake nyeupe ya ndani. Mara nyingi vyote viwili huishia kwenye shimo nyuma ya kiwanda, vikachacha na kunuka, na maji yake yakatiririka hadi mtoni. Ilhali ukiyakausha machicha hayo na kuyapima, nusu ya uzito wake au zaidi bado ni wanga, na ganda kavu la chungwa lina pektini (gundi ya asili inayogandisha jamu) nyingi kiasi kwamba kulitupa ni hasara ya wazi.

Mwongozo huu unazichukua taka hizo mbili hadi zitoe utando mwembamba unaopitisha mwanga, wenye unene wa milimita 0.08 hivi, unaoweza kufungia vyakula vikavu na vya mafuta, na ambao ukifukiwa kwenye udongo wenye unyevu huliwa na vijidudu. Joto lote limetajwa kwa nyuzi za Selsiasi.

Kabla hujawasha jiko: utando huu na maji

Wanga na pektini vinapenda maji. Hilo ndilo linaloamua kila kitu: namna ya kupika, namna ya kukausha, na chakula utakachofungia. Utando wa wanga ukiwa mkavu huzuia oksijeni vizuri kuliko nailoni ya kawaida ya polithini, na mafuta hayapenyi. Lakini mvuke wa maji hupita kirahisi, na ukiuloweka huvimba, hulainika na kuanza kusambaratika.

Kwa hiyo ufungie majani ya chai, viungo vilivyosagwa, njugu zilizokaangwa, mbegu kavu, au vipimo vidogo vya unga ambao mlaji atautumbukiza kwenye maji pamoja na kifungashio chake. Biskuti na vyakula vingine vinavyolainika kwa unyevu vinahitaji boksi au mfuko mwingine wa nje, au tabaka la nta ambalo limeelezwa mbele. Nyama mbichi, samaki, matunda yaliyokatwa na maziwa visiguswe na utando huu. Miradi mingi ya namna hii hukwama pale utando unapopewa kazi isiyo yake, kisha lawama ikaangukia wanga.

Kuchagua taka

Taka ya kutengenezea kifungashio cha chakula ni chakula hadi utakapoiacha ioze. Ipokee kwenye chombo safi chenye mfuniko pale pale inapotoka kwenye mashine. Usiizoe sakafuni. Machicha yaanze kuoshwa siku hiyo hiyo, na kwenye joto kali ndani ya saa 6. Yakishaanza kunuka siki, yapeleke kwenye mboji: vijidudu vimeshayala na asidi imeshaanza kuukata wanga, na hakuna kuosha kutakakoyarudisha.

Muhogo una kemikali iitwayo linamarini, ambayo seli zikivunjwa hutoa sianidi ya haidrojeni, sumu kali. Linamarini huyeyuka kwenye maji, na sianidi ya haidrojeni huchemka kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo kusaga laini, kuosha kwa maji mengi na kukausha penye hewa huviondoa. Fanya kazi hiyo mahali penye upepo, usijifungie chumbani, na maji ya kwanza ya kuoshea usiwape mifugo. Maganda ya muhogo nayo yana wanga, ila yana sianidi nyingi kuliko nyama ya muhogo na hubeba udongo. Kwa utando unaogusa chakula, machicha ni salama na rahisi zaidi.

Kwa machungwa, jihadhari na dawa. Matunda yanayosafirishwa mbali au kukaa ghalani hupakwa dawa za ukungu kama imazalili na thiabendazoli, pamoja na nta ya kung'arisha, na vyote hubaki kwenye ganda. Chukua maganda kwa mkamuaji anayepokea matunda moja kwa moja kutoka shambani na anayeyasugua kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kukamua. Yakishakamuliwa, nyama ya ndani iko wazi na kuosha kutasukuma uchafu ndani.

Vifaa

Mizani inayosoma gramu 0.1 ni ya lazima, na ya gramu 0.01 ni bora zaidi kwa vipimo vya mwisho. Utahitaji pia kipimajoto cha kutumbukiza, karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi: 7 ni kama maji safi, na namba ikishuka asidi huzidi), kipima unyevu wa hewa, blenda, kitambaa imara cha kuchujia, chekeche laini lenye matundu ya maikroni 75 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), sufuria mbili ambazo moja inaingia ndani ya nyingine, mwiko bapa, na pimamaji ya fundi. Trei za kumiminia ziwe za akriliki au polistirini, au bati lililotandikwa karatasi ya silikoni iliyonyooka kabisa. Kwenye chuma kitupu utando hushika na hautabanduka bila kuchanika. Kwa kupima unene tumia maikromita, kwa sababu rula haina maana kwenye sehemu ya kumi ya milimita.

Gliserini, asidi ya limau na ethanoli ziwe za daraja la chakula. Usitumie spiriti ya kuwashia taa au ya kusafishia rangi: ile huchanganywa na methanoli, ambayo ni sumu.

Kutoa wanga kwenye machicha

Chukua kilo 10 za machicha mabichi na lita 20 za maji safi. Saga kwa blenda kidogo kidogo, kila mkupuo dakika 2. Usiruke hatua hii. Wanga uliobaki kwenye machicha umefungwa ndani ya kuta za seli ambazo mashine ya kwanza ilishindwa kuzivunja, na usiposaga upya utaosha tu nyuzinyuzi.

Chuja kwa kitambaa na kamua kwa nguvu. Rudishia makapi lita 10 za maji, koroga, kamua tena. Maji yote uliyochuja yapitishe kwenye chekeche la maikroni 75, kisha yaache yatulie kwenye ndoo kwa saa 4 hadi 6. Usiyaache yalale usiku kucha kwenye joto, yatachacha.

Mwaga maji ya juu taratibu. Chini utaona tabaka mbili: juu ute wa rangi ya kahawia au kijivu, chini wanga mweupe ulioshikamana kama chokaa mbichi. Kwangua ule ute wote, maana ndani yake mna protini na nyuzinyuzi laini zitakazoupa utando rangi chafu na madoa. Weka maji mapya, vuruga, acha utulie. Rudia mara 2 au 3 hadi maji ya juu yawe maangavu na pH yake iwe kati ya 6 na 7.

Tandaza wanga usiozidi unene wa sentimita 1 na uukaushe kwa joto lisilozidi nyuzi 50. Wanga uliolowa ukifika nyuzi 60 na kuendelea huanza kuiva kwenye trei na kugeuka mawe. Umekauka pale unaposagika baina ya vidole na kulia kama theluji inayokanyagwa, na unyevu wake umeshuka hadi asilimia 13 au chini. Saga, chekecha, funga kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kutoka kilo 10 za machicha, ukipata nusu kilo ya wanga mkavu umefanya kazi nzuri. Usiwaahidi watu zaidi ya hapo.

Makapi yaliyobaki usiyatupe. Yakaushe na uyasage hadi yapite kwenye chekeche lile lile. Unga huo wa nyuzinyuzi huimarisha utando ukiutia kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa wanga. Utando utakuwa na ukungu kidogo machoni, lakini hauchaniki ovyo.

Kutoa pektini kwenye maganda

Kata maganda vipande vya milimita 5 hivi na uyatumbukize kwenye maji yanayotokota kwa dakika 5. Kazi ya hatua hii ni kuua vimeng'enya vya ganda ambavyo hubadilisha na kuvunja pektini wakati wa kukausha. Mwaga maji, suuza mara mbili kwa maji ya uvuguvugu hadi utamu uishe, kausha kwa nyuzi 50 hadi 60 mpaka yavunjike kwa mlio, kisha saga.

Kwa kila gramu 100 za unga wa maganda weka lita 3 za maji. Tia asidi ya limau, ukianzia gramu 30 kwa lita, halafu pima: unataka pH karibu na 2. Maganda yenyewe hupunguza ukali, kwa hiyo huenda ukaongeza kidogo. Pasha hadi nyuzi 85 na ushikilie hapo kwa dakika 60 hadi 90 huku ukikoroga. Usizidishe saa 2, kwani asidi ile ile inayoitoa pektini kwenye ganda huikata vipande vifupi ikipewa muda.

Chuja ikiwa ya moto, kwa sababu ikipoa huwa nzito na haipiti kwenye kitambaa. Acha maji uliyochuja yapoe hadi nyuzi 25, kisha mimina ethanoli ya asilimia 95, ujazo mara mbili ya ujazo wake, huku ukikoroga polepole. Pektini itajikusanya na kuelea kama nyuzi za pamba iliyolowa. Iache saa 2, ichuje kwa kitambaa, iminye, ioshe mara mbili kwa ethanoli ya asilimia 70 ili kuondoa asidi na sukari, na mara ya mwisho kwa ya asilimia 95. Kausha kwa nyuzi 45 hadi 50 na usage. Mara nyingi gramu 100 za unga wa ganda hutoa gramu 15 hadi 20.

Ethanoli huwaka kirahisi hata kwenye joto la kawaida la chumba. Hatua hii isiwe na jiko, kibiriti wala swichi inayotoa cheche jirani, na ukaushaji usifanyike kwenye oveni iliyofungwa kabla mvuke haujaisha nje penye upepo. Ethanoli iliyotumika ikusanye uirudishe kwa mtambo salama wa kutonesha, yaani unaoichemsha na kuupoza mvuke wake. Bila kuirudisha, njia hii huwa ghali mno kwa kazi ya kila siku.

Kuna jambo ambalo huwapotosha wengi. Wanasoma kwamba pektini hukazwa na kalsiamu, wanachovya utando wao kwenye maji ya kloridi ya kalsiamu, na hakitokei kitu cha maana. Pektini inayoshikana na kalsiamu ni ile yenye methili kidogo (vikundi vidogo vya kaboni na haidrojeni vilivyoning'inia kwenye molekuli yake). Inayotoka kwenye chungwa kwa njia hii ina methili nyingi, na hiyo huganda kwa sukari na asidi, kama kwenye jamu. Kuibadilisha kunataka alkali kwenye ubaridi na udhibiti mkali wa pH, na ukikosea kidogo inakatika. Kwa karakana ndogo ni busara kuichanganya na wanga badala ya kupigana nayo.

Vipimo vya rojo

Hivi ni vya kilo 1 ya rojo, yaani uji utakaomiminwa kwenye trei na kukauka uwe utando.

Rojo la wanga mtupu: wanga gramu 40, gliserini gramu 12, maji gramu 948.

Rojo la mchanganyiko: wanga gramu 30, pektini gramu 10, gliserini gramu 12, maji gramu 948.

Gramu za wanga hapo ni za wanga usio na maji kabisa. Kama wanga wako una unyevu wa asilimia 13, gawanya kwa 0.87: badala ya gramu 40 utapima gramu 46, na maji utayapunguza kwa gramu 6. Asiyefanya hesabu hii hupata utando tofauti kila msimu wa mvua, na hajui kwa nini.

Gliserini ndicho kilainishi. Hujipenyeza kati ya minyororo ya wanga, yaani molekuli zake ndefu, na kuizuia isishikane kupita kiasi. Asilimia 30 ya uzito wa wanga na pektini, kama hapo juu, ni pa kuanzia. Ukishuka hadi 20 utando hukatika ukiukunja, na ukipita 40 hunata mkononi na gliserini huanza kutoka juu kama jasho. Gliserini yenyewe huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo penye hewa nzito ya unyevu shuka hadi 25, na penye hewa kavu panda hadi 35.

Kupika

1. Pima sufuria tupu na uandike uzito wake. Utauhitaji.
2. Vuruga wanga kwenye gramu 200 za maji baridi hadi kusiwe na donge. Wanga ukimwagwa kwenye maji ya moto huiva nje na kubaki unga ndani, na madonge hayo hayatoki tena.
3. Ongeza maji yaliyobaki na gliserini. Kama unatengeneza mchanganyiko, bakiza gramu 298 za maji kwa ajili ya pektini, na gliserini usiitie sasa.
4. Weka sufuria ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Koroga taratibu bila kuacha, ukikwangua chini.
5. Rojo litaanza kuwa zito baina ya nyuzi 62 na 70. Endelea hadi nyuzi 80 hadi 85, shikilia dakika 25. Weupe wa maziwa utaondoka na rojo litakuwa angavu, likivutika kwenye mwiko.
6. Kwa mchanganyiko: lowesha unga wa pektini kwa gliserini yote hadi uwe kama uji mzito, kisha ndipo umimine zile gramu 298 za maji ya nyuzi 60 huku ukikoroga. Bila kulowesha kwanza, pektini hufanya vidonge vya ute. Ongeza kwenye wanga dakika 5 za mwisho tu, kwa sababu pektini ina asidi kidogo, na asidi pamoja na joto hukata wanga.
7. Rudisha sufuria kwenye mizani. Toa uzito wa sufuria tupu. Kilichopungua chini ya gramu 1000 ni maji yaliyopaa: yarudishe, ya moto, na ukoroge.

Usitumie blenda kwenye rojo lililokwisha kuiva. Kasi yake hukata minyororo na kuingiza viputo kwa maelfu.

Chuja rojo likiwa moto kwa chujio la waya, liache kwenye nyuzi 60 hadi 65 kwa dakika 15 bila kuguswa, na uondoe povu la juu kwa ukingo wa karatasi. Mwenye pampu ya kuvuta hewa atamaliza kazi hiyo kwa dakika chache.

Kumimina kwa hesabu

Unene wa utando huamuliwa na uzito wa rojo unalomimina. Tuseme trei ni sentimita 20 kwa 30, yaani sentimita za mraba 600, na unataka milimita 0.08, ambayo ni sentimita 0.008. Uzito wa utando wa namna hii ni gramu 1.4 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Zidisha: 600 × 0.008 × 1.4 ni gramu 6.7. Katika hizo, karibu asilimia 12 ni maji yanayobaki ndani hata ukikauka, kwa hiyo yabisi, yaani kila kisicho maji, ni gramu 5.9. Rojo lako lina yabisi asilimia 5.2, yaani gramu 52 katika gramu 1000. Gawanya 5.9 kwa 0.052, unapata gramu 113. Mimina gramu 115 kwa trei, ukiwa umeiweka juu ya mizani.

Kabla ya hapo, hakikisha kwa pimamaji kwamba meza na trei vimelala sawasawa, kwa urefu na kwa upana. Hitilafu usiyoiona kwa macho hutoa utando wenye milimita 0.05 upande mmoja na 0.11 upande wa pili, na utachanikia pale pembamba. Mimina kwa kufuata ukuta wa trei, kutoka chini chini, rojo likiwa nyuzi 55 hivi. Likipoa zaidi ya hapo huanza kuganda kabla halijajitandaza.

Kukausha na kubandua

Kausha kwa nyuzi 40, hewa ikitembea pole na unyevu wake ukiwa asilimia 40 hadi 50, kwa saa 18 hadi 24. Feni isielekezwe moja kwa moja kwenye trei, kwani hukausha upande mmoja kwanza na kuukunja utando. Kishawishi cha kuongeza joto ni kikubwa, na ndicho kinachoharibu kazi nyingi: juu hufunga ngozi, maji ya chini yanakosa njia, halafu ngozi inapasuka au inafanya malengelenge.

Wakati wa kubandua una dalili yake. Kingo huanza kujinyanyua zenyewe, kama milimita 1 au 2, na ukigusa katikati hakuna ubaridi wa unyevu. Ingiza kisu cha plastiki kwenye kona, vuta kwa pembe ndogo, polepole. Ukivutika kama mpira, urudishe saa 2. Ukilia na kupasuka, umekauka kupita kiasi: weka trei mahali penye unyevu wa asilimia 60 kwa saa 1, na utajilegeza.

Baada ya kubandua, tando zikae siku 2 kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hadi 55 kabla ya kupimwa au kukatwa. Maabara huipata hali hiyo kwa chombo kilichofungwa chenye maji yaliyoshiba nitrati ya magnesiamu, yanayotoa asilimia 53 kwenye nyuzi 25.

Yanayoharibika na asili yake

Utando ulio mzuri leo na mkavu wa kuvunjika baada ya wiki 3 ni tatizo la wanga kujipanga upya. Minyororo iliyotawanywa na joto husogeleana tena na kufanya fuwele, kama mkate unavyokauka. Gliserini hupunguza kasi hiyo, pektini na nyuzinyuzi husaidia, na kuhifadhi pakavu pasipo na joto kali husaidia zaidi. Pima ubora wa utando wako baada ya siku 30, si siku ya pili tu.

Vitone vyeupe vigumu ni wanga usioiva: joto halikufika nyuzi 80 chini ya sufuria, au ulikoroga kwa uvivu. Utando laini mno usio na nguvu, uliotoka kwenye rojo jepesi kama maji, mara nyingi ni wanga uliokatika kwa asidi ya machicha yaliyochacha. Pima pH ya rojo kabla ya kupika, na ikiwa chini ya 5 kwenye wanga mtupu, rudi kuosha. Rangi ya kahawia ni ute ambao hukuukwangua. Ukiona ukungu unaota juu ya tando zilizohifadhiwa, unyevu wa ghala umepita asilimia 60. Chini ya hapo ni nadra sana ukungu kukua, na hiyo ni kinga bora kuliko kutia dawa ndani ya kifungashio, dawa ambayo mwishowe itahamia kwenye chakula.

Tabaka la nta

Kwa chakula kinachochukia unyevu, paka nta ya nyuki upande mmoja. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65. Ipashe hadi 75, tandaza utando juu ya sahani yenye nyuzi 60, na uipake nyembamba kwa sponji ngumu. Gramu 10 kwa mita ya mraba hutoa tabaka la maikroni 10 hivi, maana yake gramu 0.6 kwa utando wa trei yetu. Ukiupaka ukiwa baridi, nta huganda vipande vipande na hupasuka unapoukunja. Nta iangalie nje, upande unaotoka unyevu. Nta ya parafini usiiguse: ni zao la mafuta ghafi ya petroli, na kuitia hapa ni kurudisha kile ulichotaka kukiondoa.

Kupima kabla ya kuamini

Unene: pima sehemu 9 kwa maikromita, kona, kingo na katikati. Zikitofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 10, usiutumie.

Kuyeyuka: kata kipande cha sentimita 2 kwa 2, kikaushe kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, kipime, kiloweke kwenye mililita 50 za maji kwa saa 24, kikaushe na kukipima tena. Hapa watu hushtuka bure. Katika gramu 52 za yabisi, gramu 12 ni gliserini, na gliserini yote huyeyuka. Kwa hiyo upungufu wa hadi asilimia 23 si wanga uliopotea. Kinachozidi hapo ndicho cha kukushughulisha.

Mvuke: jaza kikombe chembe kavu za silika, funika mdomo kwa utando na uzibe kingo kwa nta. Kiweke ndani ya chombo kikubwa kilichofungwa chenye bakuli la chumvi ya mezani iliyoloweshwa hadi iwe kama uji mzito. Chumvi hiyo hushikilia unyevu wa asilimia 75. Pima kikombe kila baada ya saa 2 kwa siku nzima. Uzito unaoongezeka ni maji yaliyopenya. Linganisha utando wenye nta na usio na nta, na utajua kama tabaka lako lina matundu. Maabara zinazotoa vyeti hufuata kiwango cha Kimarekani cha ASTM E96 kwa kipimo hiki, na ASTM D882 kwa nguvu ya kuvutwa.

Kufunga, kuhifadhi, na sheria

Njia rahisi ya kuziba paketi ni maji yenyewe: pitisha brashi iliyolowa kidogo sana kwenye ukingo wa milimita 8, funika kwa ukingo wa pili, weka kitu kizito bapa kwa dakika 10, kisha acha pakauke. Brashi ikiwa na maji mengi utachimba tundu. Tando zihifadhi zikiwa bapa, zikitenganishwa kwa karatasi ya silikoni, la sivyo kwenye siku ya unyevu zitashikana na kuwa kitabu kisichofunguka. Kila rundo liandikwe tarehe, chanzo cha taka, asilimia ya gliserini na unene, ili ukipata malalamiko ujue pa kuanzia.

Kabla ya kuuza, mamlaka ya chakula ya mahali ulipo ndiyo yenye kauli. Ili kupata picha ya ukali wake, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 10/2011 kuhusu plastiki zinazogusa chakula huruhusu jumla ya vitu vinavyohamia kwenye chakula visizidi miligramu 10 kwa desimita ya mraba. Utando unaoyeyuka kwenye maji hauwezi kufika hapo kwenye chakula chenye majimaji, na ndiyo maana tulianza na vyakula vikavu.

Neno "huoza" nalo lina vipimo vyake. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432, cha vifungashio vinavyooza kwenye mboji, kinataka asilimia 90 ya kaboni iwe imegeuka hewa ya kaboni dioksaidi ndani ya miezi 6, na baada ya wiki 12 kwenye mboji ya kiwanda, kisizidi asilimia 10 ya uzito kubaki juu ya chekeche la milimita 2. Usiandike neno hilo kwenye paketi kabla ya cheti. Kwa majaribio yako mwenyewe, kata vipande vya sentimita 3 kwa 3, vipime vikiwa vikavu, vitie kwenye vifuko vya wavu wa plastiki, na uvifukie kina cha sentimita 10 kwenye udongo wa bustani unaoumwagilia usikauke. Fukua kimoja kila baada ya siku 7, kiondoe udongo kwa brashi laini bila maji, kikaushe, kipime. Zika pia kipande chenye nta kando yake, maana chenyewe kitachelewa, na mnunuzi wako atataka kujua kitachelewa kwa wiki ngapi.